Sabuni Ni Yetu

Rumonge, Ijumaa

Kwa dada yangu Mwanvua, Kabonga.

Asalaam aleikum, dada. Amahoro huko? Kifua kimepoa, au majivu ya sabuni bado yanakukohoza? Huku sote wazima, alhamdulillahi, na mawese mwaka huu iko mengi.

Nimepata ujumbe wako kwamba maaskari wamekunyang'anya sabuni zote sokoni, na unauliza kosa lako. Pole sana. Kosa ni jina, dada. Sabuni inayoitwa Mwanvua ni ya chama chetu cha wanawake, imeandikishwa Bujumbura, na wewe tangu umfuate mume huko si mwanachama tena. Jina lako endelea kuitwa, nani atakukataza? Usiligonge tu kwenye sabuni.

Unamkumbuka Profesa Benedicte, yule mwalimu wa sheria? Alikuja kutufundisha haki za wabunifu: pawe na usawa, kila mtu ashirikishwe, mnyonge asiporwe alichobuni. Mama wa watu, roho safi kabisa. Aliuliza mbele ya wote ni nani aliyebuni sabuni hii ya mawese na mchaichai. Tukakutazama wewe. Nawe kwa adabu zako ukainamisha kichwa, ukasema ni yetu. Loo! Profesa alifurahi hadi machozi, akaandika kwamba ni ya wote. Kwetu nani anasema yangu mbele za watu? Yeye hakujua. Sisi tulijua, tukanyamaza.

Utasema asante ya punda ni mateke. Sema. Ulinilea mama alipokufa, sikatai. Ila kila niliposema sahani yangu, nguo yangu, ulinipiga mwiko mdomoni, ukampa mwingine, ukaniambia nijifunze kusema yetu. Ile nguo ya Idi mpaka leo inaniuma.

Sasa hili lisikie kwangu, usilisikie kwa watu. Jumanne profesa alinipigia simu. Habari zako zimemfikia na zimemnyima raha. Alisema akipata shahidi mmoja tu wa kuthibitisha kwamba sabuni ulianzisha wewe, atalifungua shauri upya na jina lako litarudi. Akaniuliza mimi, kwa kuwa ni ndugu yako wa damu.

Nikamjibu kama ulivyonilea: ni yetu.

Msalimie shemeji sana. Kunywa tangawizi, hicho kifua usikidharau. Nimekutumia vipande viwili vya Mwanvua, ufulie.

Mdogo wako akupendaye,
Raisa, prezida wa chama