Mapovu ya Neema

Mama Yakobo,

Pokea salamu zangu kutoka Unguja, ambako pweza ni mtamu lakini kwa hofu simezi. Binti yetu Neema alipanga kila kitu kabla sijapanda basi Mbarara: yeye ajifunze kuzamia akiwa na mtungi wa hewa mgongoni, mimi nisiyezamia nimngoje mashuani. Sikuwa nimepanda mashua tangu ziwa limchukue mwanetu Yakobo tulipokuwa tunaikimbia vita ya Kivu. Nilimwomba Neema aache, akanibusu tu kwenye paji la uso.

"Mzee wangu, ukiona mapovu, jua anapumua," mwalimu wake aliniambia, kisha wakashuka. Niliyakodolea macho hadi machozi yakanitoka. Upepo ulipochafua maji sikuona kitu, nikaanza kuita jina la Yakobo badala ya lake.

Neema alipoibuka alinishika mkono. "Papa, kule chini kuko mwangaza mingi. Siku zote niliwaza Yakobo alilala fasi ya giza."

Sikumwambia kwamba ziwa letu lina kina kirefu na mwangaza haufiki chini. Hapo kambini Kashojwa, nipalilie pale tulipozika shina la mgomba kwa kuwa mwili wa Yakobo haukupatikana. Kesho Neema anashuka tena, nami nitakuwa mashuani.

Ulale salama, mke wangu.