Njiti ya Pili ya Zuhura

Shikamoo Mama,

Nipo Mwamgongo, nawapima skauti wangu wanaopanda daraja. Jana kila mmoja alipewa njiti mbili za kiberiti awashe moto apike ugali. Upepo wa ziwa ukazizima zote mbili za Zuhura, binti wa darasa la sita. Akakimbia kwa mama mmoja anayeanika dagaa, akarudi na kaa la moto kwenye kigae cha chungu. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinituma kwa jirani kuomba moto, nikampitisha.

Leo asubuhi nilipowaita wavishwe skafu mpya, yeye hakutoka mstarini.

“Mwalimu, moto ule niliuomba. Mimi bado.”

Nikampa njiti nyingine mbili. Akachimba shimo mchangani, akaukinga upepo kwa mgongo wake. Moto ukashika kwa njiti ya kwanza, na ya pili akanirudishia. Sijawahi kumfunga mtu skafu kwa fahari namna ile.

Wasalimie wote hapo Katubuka, Mungu akutunze. Dagaa wako nimewanunua kwa yule mama. Njiti ya Zuhura nimeibandika hapa pembeni. Tafadhali usije ukawashia jiko.

Mwanao, Neema