Umeme wa Huku Ni Mdogo

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba maumivu ya miguu yamempungua mama. Mimi afya ninayo. Ninachokosa ni nyinyi.

Nikupe habari za ile mashine ya kunyolea uliyonipa siku ya safari. Nilikuta soketi za huku zina matundu membamba, na plagi yetu ina meno manene. Nikanunua adapta, nikachomeka, nikajiona fundi. Kumbe bado! Mashine ilikoroma kama mtu mwenye mafua, ikanyoa upande mmoja, kisha ikang'ang'ania nywele na kugoma kabisa. Nilikwenda kazini, kule kwenye ghala la vitambaa, na kofia hadi masikioni. Msimamizi aliponiamuru niivue, wenzangu walicheka mpaka kazi ikasimama.

Mwenye duka la vifaa vya umeme alinieleza kwamba adapta inabadilisha meno ya plagi tu. Nguvu ya umeme inabaki ileile, na umeme wa huku ni kama nusu ya wetu. Nilihitaji transfoma ya kuupandisha. Nikainunua. Ni nzito kama tofali na inapata joto, lakini nilipowasha, mashine ililia vilevile kama ilivyokuwa ikilia pale kibarazani kwako. Nilikaa nayo mkononi bila kunyoa chochote. Nilikumbuka unavyonishika utosi na kuniambia, "Tulia wewe, sikio likikatika halioti tena." Huku hakuna anayenishika kichwa, kaka. Watu ni wema, ila kila mtu na mikono yake mfukoni.

Basi mwenzangu wa chumbani, dereva wa lori, akaomba nimnyoe. Akamleta na rafiki yake. Sasa kila Jumapili jikoni kwetu watu wanasubiri zamu, wengine hata lugha yao siijui. Juzi mzee mmoja mlinzi, ninayemwita baba, alisinzia katikati ya kunyolewa. Alipoamka macho yalikuwa mekundu. Akasema ni miaka mingi hajashikwa kichwa na mtu anayemwita baba. Nikaendelea kumnyoa, taratibu.

Kaka, sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Nilisema mkataba wa ghalani ukiisha mwezi ujao nitarudi. Sirudi. Kinyozi wa mtaa huu amenipa kiti dukani kwake kwa miaka miwili, nami nimekubali. Sikulazimishwa. Nawakumbuka kila siku, na bado nimekubali. Sijui moyo mmoja unabebaje vyote viwili. Kila nikimpigia mama nimwambie, ananiwahi kunieleza alivyokipaka rangi chumba changu, na ulimi wangu unakufa.

Mwambie wewe, akiwa ameshakula. Na jioni hiyo usiwahi kuondoka.

Nisalimie shemeji, na watoto wote nipakatie.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba