Mafuta Yaliyoganda Rurambo

BARUA

Mama Olive, mshauri wetu, nakusoma kila mwezi na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja kalamu itakuwa mkononi mwangu, lakini nimefika mahali ambapo siwezi kumwambia mama yangu wala rafiki yangu, kwa hiyo nakuomba unisaidie na usilitaje jina langu.

Naishi Songo pamoja na mume wangu Kagabo, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, na mtoto wetu wa kwanza, Gikundiro, mwenye miezi mitatu. Mimi ni mtu wa hapa hapa ziwani na mume wangu kwao ni Rurambo, kule milimani, watu wa ng'ombe, na tulipooana wengi walisema hatutaelewana na familia zetu, ila mama mkwe alinipokea vizuri, hana maneno mengi lakini hana ubaya, na tulikuwa tumepanga kumpelekea mjukuu wake shule zikifungwa.

Sasa mimi natumia mafuta ya nazi, yale yasiyochujwa viwandani, yenye harufu yake, napikia maharage na wali, najipaka mwilini na kwenye nywele, na tangu mtoto azaliwe nampaka na yeye, na ngozi yake ni nzuri hata majirani wananiuliza. Nikamkumbuka mama mkwe, kwa sababu nilipokwenda huko juu niliona baridi imempasua mikono na visigino mpaka damu, nikasema nitamtumia zawadi. Nikanunua mafuta kwa Fabiola, mwanamke wa hapa mtaani anayepata nazi kwenye mashua za Kigoma pale bandarini Kalundu na kuzikamua nyumbani kwake, nikayatia katika bokali la kioo lile la mayonezi, nikalijaza mpaka shingoni, nikafunga kifuniko na kuzungusha utepe wa skochi, nikampa shemeji yangu Azarias aliyekuwa anapanda Rurambo.

Siku ile ile mama mkwe akanipigia kwa simu ya wifi yangu Léa, akafurahi kabisa, akasema mafuta yanang'aa, halafu akauliza, «Ni nani aliyakamua?» Mama Olive, hapo ndipo nilipoanguka, kwa sababu katika nyumba ile mtu akileta siagi lazima aseme ni ya ng'ombe gani na imesukwa na nani, zawadi ya mafuta ni mikono ya mtu, na Léa humpelekea mama yake siagi aliyoisuka mwenyewe, nikaona aibu kusema nimenunua, nikajibu, «Ni minye, mama.» Akaniuliza tena kama ni kwa mikono yangu mwenyewe, nikasema ndiyo, akanibariki mimi na mtoto, simu ikakatika.

Baada ya hapo kimya, wiki moja, ya pili, ya tatu, halafu Azarias akateremka na bokali langu ndani ya mfuko wake, hakutaka hata chai, akasema mbele ya mume wangu kwamba huko juu mafuta yangu yaligeuka meupe na magumu, na Léa alipoyaona alisema ni mafuta ya nguruwe, na kwao nguruwe haliwi wala haguswi. Akasema, «Shemeji, niliona na macho yangu, ilikuwa nyeupe pee, kama buji,» yaani mshumaa. Na akaleta neno la mama mkwe: «Aje yeye mwenyewe aniambie alitia nini ndani.»

Nikalifungua bokali, na ndani, Mama Olive, mafuta ni maji, ni safi, unaona upande wa pili, yamepungua tu vidole vitatu hivi, labda walikuwa wanayachokoa wawaonyeshe watu. Nikasema, tazameni, ni ugumu gani huo mnaousema? Azarias akaniangalia kama mchawi. Mume wangu akaniambia alipobaki na mimi, «Mama yangu hasemake uongo. Na weye unasema iko maji. Kati yenu minye niamini nani?»

Kinachoniua ni kwamba siwezi kuapa, kwa sababu sikuyakamua mimi na sijui kilichomo, na jirani ya Fabiola anakaanga nyama ya nguruwe, nimeanza kufikiri labda anachanganya, nampita njiani simsalimu, nimeacha kumpaka mtoto, nimeacha kupikia, nywele zangu nimezifunga kitambaa kama mgonjwa. Na nikisema nilinunua, watajua nilidanganya, na aliyedanganya mara moja nani atamwamini tena? Shule zimekwisha kufungwa na mume wangu hasemi tena habari ya safari. Je, nimpigie mama mkwe nimwombe msamaha kwa kitu nisichokijua, au ninyamaze mpaka yapoe?

Ni mimi, niliyefunga kitambaa, Songo.

JIBU

Binti yangu wa Songo, fungua kitambaa hicho. Mafuta yako ni mazima, Fabiola hakukosa, mama mkwe hakusema uongo, Azarias aliona kweli alichokiona, na weye si mchawi. Wote mmesema kweli juu ya bokali moja. Sasa kaa chini nikueleze, maana mimi nikianza kueleza sina haraka.

Mafuta ya nazi yasiyochujwa yana tabia yake. Joto likizidi kidogo nyuzi ishirini na nne, ni maji. Likishuka chini ya hapo, yanaganda, tena yanaganda meupe na magumu. Hapa kwetu ziwani tunalala na joto na kuamka nalo, ndiyo sababu mtu anaweza kuyatumia miaka mingi asiyaone yameganda, labda asubuhi moja moja ya Julai chupa ikiwa karibu na dirisha. Lakini Rurambo? Huko mtu anavaa koti saa sita mchana. Mafuta yako yalifika yakiwa bado na joto la bondeni, ndiyo yale mama mkwe aliyoyasifu kwenye simu. Kesho yake aliamka akayakuta jiwe. Azarias alipoyateremsha, yakakutana tena na joto letu, yakayeyuka ndani ya mfuko wake bila yeye kujua. Hakuna mkono wa mtu hapo.

Usifikiri nakucheka. Nilipokuwa muuguzi kijana huko Lemera, kwenye baridi ya milima, dada yangu alinitumia chupa ya mafuta haya haya kutoka Bujumbura. Siku ya tatu nikayaona meupe, nikasema wauzaji wamemwibia dada yangu, wamemtilia mshumaa, nikayatupa chooni yote. Mwenzangu wa kazi, Jean-Berchmans, alipokuja kusikia, alikwenda chumbani kwake. Alileta chupa yake mwenyewe, iliyoganda vile vile, akaitia kwapani chini ya koti kama kipimajoto, akaendelea kuandika ripoti yake. Alipoitoa, ilikuwa maji. Akaniuliza, «Olive, weye ulisoma shule gani?» Nimeyalilia mafuta yale mpaka leo.

Na mama mkwe wako si mjinga, nisikusikie ukifikiri hivyo. Yeye anajua mafuta yanayoganda kuliko sisi wote wa huku chini, siagi ya nyumba yake inaganda kila asubuhi. Ila siagi ni ya manjano na inanukia maziwa. Meupe pee, magumu, yasiyonukia ng'ombe, kwa macho ya watu wa huko ni kitu kimoja tu, na Léa alikitaja. Ungekuwa weye ungesema nini? Kosa lako la kwanza ni hapo: ulituma kitu cha nchi ya joto kwenye nchi ya baridi bila neno hata moja la maelezo.

Kosa la pili unalijua, umeliandika mwenyewe, na hapo sitakubembeleza. Ulidanganya. Uliulizwa mara mbili na ukadanganya mara mbili, ukapokea na baraka juu yake. Angalia uongo huo ulivyokufanyia: siku ulipohitaji kusema «mimi nayajua mafuta haya,» ukakuta huna mdomo. Ungesema siku ile, «Mama, nimenunua kwa Fabiola, mwanamke ninayemwamini, ndiye anayemkamulia hata mjukuu wako,» leo ungemtuma mtu kwa Fabiola na mambo yangekwisha asubuhi moja. Badala yake umemgeuza mwanamke asiye na kosa kuwa mwizi, eti kwa sababu jirani yake anakaanga nyama. Nenda ukamsalimu leo. Usimweleze yote, lakini msalimu.

Ya nyumbani kwako yaanze kwa Kagabo, si kwa mama mkwe. Mwambie kwanza ule uongo, kwa maneno machache, bila kulia. Ukimaliza, chukua kikombe kimoja cha mafuta ya bokali lile, kitie katika beseni la maji yenye barafu, barafu hata wauza juisi wa hapo Songo wanayo, kisha kaeni wote wawili mkingoje. Ni mwalimu, atapenda. Atayaona yakianza ukungu, halafu weupe, halafu kijiko kitasimama. Mwache yeye mwenyewe akitoe kikombe akiweke juani. Mtu aliyeulizwa amwamini mkewe au mama yake anahitaji kuona kwamba hakulazimika kuchagua.

Kisha usipige simu. Simu ndiyo iliyokuangusha. Panda. Lakini kabla ya kupanda, umwombe Fabiola akufundishe, kwa sababu safari hii utasema «ni mimi» na itakuwa kweli. Kazi yenyewe si ngumu, inataka uvumilivu tu: unakuna nazi, unakamua tui zito kwa maji ya uvuguvugu, unaliacha litulie mpaka ule utando mzito upande juu, unauengua, unaupika kwa moto mdogo huku ukikoroga mpaka mashapo yawe rangi ya kahawa na mafuta yajitenge, unachuja kwa kitambaa safi. Maji yasibaki hata tone, yakibaki yataoza. Ukishaweza, nunua nazi nyingine, panda nazo zikiwa nzima, ukakune na kukamua mbele ya mama mkwe, jikoni kwake, kwa moto wake. Nazi sita zitakupa mafuta kidogo sana. Yanatosha. Mwambie, «Mama, yale ya kwanza niliyanunua, nikaona aibu. Haya ndiyo ya mikono yangu.» Yatakuwa maji siku hiyo, na kesho yake asubuhi yatakuwa meupe, mbele ya macho ya Léa pia. Hapo chukua kidogo, uyaweke katika kiganja cha mama mkwe, umwombe afumbe mkono ahesabu mpaka mia. Usieleze kitu, kwa sababu joto la mkono wake litaeleza kuliko mimi na weye.

Kwa kuwa nilikuwa muuguzi, niongeze maneno ambayo hukuniuliza. Mtoto endelea kumpaka, kidogo kidogo, na ukiona vipele uache. Kwenye nywele, kiasi cha ncha ya kidole kinatosha, si kuzilowesha kama majani ya sombe chunguni. Jikoni, usiyaache yatoe moshi, na yasiwe ya kila chungu kila siku, mawese nayo yapo na zamu ni nzuri. Wala usimwambie mama mkwe kwamba yanaponya ugonjwa. Yanalainisha ngozi iliyopasuka, basi. Kisigino kilichochimbika na kutoa usaha kiende kwa muuguzi.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo uliloliandika ukalipita mbio, na mimi limenizuia kulala usingizi wangu wa mchana. Unasema bokali lilipanda limejaa mpaka shingoni, likarudi limepungua vidole vitatu. Unadhani waliyachokoa ili kuwaonyesha watu. Binti yangu, bokali la mayonezi ni la kioo. Mwenye kutaka kuonyesha mafuta meupe hahitaji hata kufungua kifuniko. Kumwagika hayakumwagika, ungesema kama mfuko wa Azarias ulilowa. Vidole vitatu katika bokali kama lile ni karibu wiki mbili za mikono na visigino vya mwanamke mmoja.

Aliyapaka. Aliyaona yameganda na akaendelea kuyapaka, kwa sababu yalikuwa yametoka mikononi mwako na yalikuwa yanamfaa, mpaka siku Léa alipoingia na kulitaja neno lile. Hebu fikiri hofu ya mama huyo, anayeambiwa kwamba kitu kilichomponya mikono ni kitu asichokigusa tangu azaliwe. Pamoja na hofu hiyo hakukulaani wala hakulivunja bokali. Alilifunga, akalirudisha zima, na neno alilolituma ni swali, tena lenye «aje» ndani yake. Weye ulisikia hukumu. Mimi nasikia mtu anayeomba aambiwe kwamba anaweza kuendelea.

Kwa hiyo usipande na lile bokali la mayonezi, tafuta kubwa zaidi, na uongeze nazi za kulijaza. Na ukifika, kabla hujasema lolote, msalimu kwa mikono yako yote miwili na uiguse vizuri mikono yake.