Baba Pacha, Besi Lako Limetoka Nyumbani

Mwaka umetimia, Baba Pacha, tangu ulale usiamke. Bado asubuhi nakutolea kikombe, kisha nakirudisha kabatini. Siandiki ili nihurumiwe. Naandika kwa sababu najivunia wewe, na hilo sikukwambia vya kutosha.

Ulipiga besi miaka arobaini na mmoja, na thelathini na miwili kati ya hiyo ulikuwa katika bendi ile ile ya jazi. Si gitaa, ni lile besi kubwa la mbao, refu kukupita, ambalo mpigaji husimama nalo. Tulipotafuta nyumba ya kupanga, wenzetu waliuliza habari za maji, wewe ukatoa futi mfukoni ukapima mlango. Lililala chumbani kwetu, kwenye ukuta mkavu, mimi nikabaki upande wa ukuta wenye unyevu. Jirani aliponiuliza mke mwenza wangu hajambo, nilimjibu hajambo, chakula hali, ila nafasi anaila.

"Baba, hivi unalipiga au unalikumbatia?" pacha walikuwa wakikutania.

"Nalishika lisiwaangukie," ukawajibu, uso mkavu.

Ncha za vidole vyako zilikuwa ngumu kama kisigino. Kila asubuhi ulifanya mazoezi kabla ya chai, hata asubuhi ile tuliyomwoza pacha wetu wa kike. Ulipiga katika kumbi kubwa, ukapiga na katika vyumba vyenye watu kumi, na kote huko ulikwenda na shati jeupe ulilolipiga pasi mwenyewe. Hukunikubalia nilishike. Santuri sita zina kazi ya mikono yako. Lakini mtu akikusifu wewe peke yako, ulinuna kidogo. Ulisema besi likisikika kuliko wenzake, basi kuna mtu ameachwa njiani.

Na wewe hukumwacha mtu. Yule binti, mwimbaji wenu, siku yake ya kwanza jukwaani, aliruka ubeti mzima kwa woga. Ulimfuata pale pale alipokuwa, ukamtazama mpiga piano, bendi nzima ikahamia kwa binti. Watu wakapiga makofi. Yeye mwenyewe alijua baada ya wiki mbili, akaja hapa nyumbani, mimi sipo, karibu alie.

"Mzee, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia siku ile, leo ungekuwa unaimba?"

Alinisimulia haya msibani. Wewe hukuwahi kunisimulia.

Sasa nikuambie nililofanya, maana huko uliko huenda umeshaambiwa na wambea.

Mwanafunzi wako wa mwisho, yule muuguzi aliyekuwa akija Jumamosi na sare yake ya kazi, ndiye anayepiga mahali pako kwenye bendi. Besi alilonalo ni la kuazima, na lina ufa. Kila mwezi alikuja kunijulia hali, akinipima na presha, na hata mara moja hakuuliza habari za besi lako. Mpiga piano ndiye aliyeuliza.

"Shemeji, besi lisipopigwa linaharibika."

"Mwenyewe amelala," nikamwambia, "nalo lilale."

Alipoondoka nikaona kweli, lilale vizuri. Nikazilegeza nyuzi zote nne mpaka zikalala, nikidhani nalipumzisha. Kile kidaraja kinachozibeba nyuzi kikaanguka, na ndani nikasikia kitu kinabingirika. Baba Pacha, niliketi kitandani nikajua nimeliua. Siku tatu sikumwambia mtu, hata pacha.

Siku ya nne nikamwita fundi wa vyombo vya muziki. Aliingiza waya uliopinda na kioo kidogo kwenye tundu, akahangaika hadi adhuhuri, kisha akasimamisha kidaraja na kuzikaza nyuzi upya.

"Hujaliua, mama," akasema. "Humu ndani kuna kijiti. Hakikugundishwa kwa gundi, kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi. Ukizilegeza zote kwa pamoja, kinaanguka. Lakini limekaa kimya mno. Linataka mtu."

Nikampigia simu muuguzi. Alitoka zamu, akanawa mikono, akapiga pale sebuleni. Nilikuwa nimejiandaa kukusikia wewe. Nilikuwa nimeshika na leso.

Haikuwa wewe. Mbao ni zile zile, nyuzi ni zile zile, lakini sauti ilikuwa yake, ya haraka kidogo, ya mtu ambaye bado ana mengi ya kusema. Ndipo nilipoelewa kwamba mwaka mzima nimefungia chumbani kitu ambacho hukuwamo. Ile sauti niliyokuwa nailinda ilikuwa ya vidole vyako, nayo uliondoka nayo.

Alipomaliza aliniuliza kama nimekasirika.

"Hapana," nikamwambia. "Nenda nalo."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka na wewe upate wa kumpa."

Alilibeba yeye na fundi. Jumapili hii alasiri bendi inapiga kwa ajili yako, na pacha wamenishonea gauni jipya. Ukuta mkavu sasa uko wazi. Kitanda tumekisogeza huko, na kikohozi changu kimepungua.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo, Mama Pacha, pacha wetu, ambao hadi leo wanabishana nani alitangulia kuzaliwa, wakwe zako, wajukuu watano, dada yako, aliyekununulia futi ile, mpiga piano, mwimbaji na wenzako wote wa bendi, na muuguzi, ambaye sasa ni mpiga besi.

Pumzika, mume wangu. Tungali tupo, na maadamu tupo, hutasahaulika.