Faini ya Kuzalia Nyumbani

Issuna, Jumanne usiku

Na wakiniuliza tena, nitasema yale yale.

Leo mkutanoni mwenyekiti wa kijiji amerudia kwamba mama atakayezalia nyumbani atatozwa faini. Watu wakapiga makofi. Nikasimama. "Mwenyekiti, tangu muanze kutoza, mmewahi kutazama kama inasaidia?"

Akacheka. "Mama Eliya, udaktari umesomea wapi?"

"Niliishia la saba, baba. Ila macho ninayo."

Nikamwambia korongo likijaa hatuvuki kwenda zahanati, na uchungu hausubiri maji yapungue. Faini haijamvusha mtu. Imewafundisha tu akina mama kuficha watoto, hata chanjo hawawapeleki, maana kule wataulizwa mtoto kazaliwa wapi.

Shemeji yangu akanifuata njiani. "Shemeji, umejichongea. Sasa watakuja kwako."

Anajua anachosema. Mkwe wangu Neema alijifungulia jikoni kwangu siku ya ile mvua kubwa, na mpaka leo mjukuu wangu hajachanjwa, kwa kuogopa faini hiyo hiyo.

Naogopa, Bwana Mungu wangu, sikufichi. Lakini hukumtoa salama pale jikoni ili aje afe kwa ugonjwa wenye chanjo. Hilo siliamini, hata aseme nani.

Kesho nambeba mwenyewe kwenda zahanati akachanjwe, mchana kweupe, napita mbele ya ofisi ya kijiji. Wakitaka kutoza, watanikuta. Nimemwambia Neema amvalishe kofia nyekundu, aonekane vizuri.