Uji wa Risaga

Shangazi yangu wa Kisorya, shikamoo. Mguu umeamkaje?

Huku vilimani Butiama upepo umeninyang'anya kofia mara mbili. Leo kijiji kimefanya risaga, ile kazi yao ya pamoja, kupandisha mawe ya kujengea tenki la maji. Nami nilibeba, nikateleza kwenye kona kali, wakanicheka.

Mama Nyangeta hatembei tangu utotoni. Walimkalisha kivulini, wakamletea uji kabla ya watu wote, wakidhani ndo heshima. Akausukuma kando. "Uji wa risaga ni wa aliyefanya kazi. Nipeni jiwe."

"Mama, pumzika tu," mwenyekiti akamsihi. "Miguu yako haitapanda huku."

"Miguu haipandi, sawa. Mikono mliiulizaga lini?"

Mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka. Wakambeba, wakamweka palepale kwenye kona iliyoniangusha. Tukajipanga mstari kutoka chini hadi juu, mawe yakapita mkono kwa mkono, hakuna aliyepanda tena na mzigo. Na yeye alikuwa mkali! Akanifokea, "We wa ziwani, hilo jiwe siyo sato, shika vizuri!"

Kazi ilipoisha, alikunywa uji wa kwanza, akaomba kuongezewa.

Shangazi, tangu mguu ukusumbue, kina mama wakianika dagaa tunakwambia kaa ndani upumzike. Basi nikirudi kiti chako nakitoa ndani, nakiweka uani, karibu na beseni la dagaa. Salamu zangu zote leo ni za mikono yako.

Mwanao Magesa